Shimo Lililoachwa Lina Wenyewe

Mwaka 2008, katika mgodi wa Kitaka magharibi mwa Uganda, wachimbaji waliamua kuwamaliza popo. Waliziba midomo ya mgodi kwa vizuizi vya mafunjo, wakatandaza nyavu za kuvulia samaki, na popo waliokuwa wakitoka jua likizama kwenda kutafuta matunda wakanasa humo. Kazi hiyo iliendelea kwa wiki kadhaa. Mwishowe mlango ukafungwa kwa vijiti na plastiki. Watafiti waliporudi Novemba mwaka huo walikuta marundo ya mizoga msituni, maelfu kwa maelfu, na ndani ya mgodi hapakuwa na hata popo mmoja. Kabla ya hapo walikuwa zaidi ya laki moja.

Tusiwahukumu wale wachimbaji upesi. Mwaka mmoja kabla, wenzao wanne wa mgodi huohuo walikuwa wamepatwa na homa ya Marburg, ugonjwa wa ukoo mmoja na Ebola, usio na chanjo iliyoidhinishwa. Wataalamu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, Entebbe, waliingia mgodini wakiwa wamejifunika kuanzia utosi hadi unyayo, wakanasa popo wa matunda na kuwapima. Kati ya popo 611, 31 walikuwa na virusi vya Marburg. Ni kama mmoja katika kila 20. Maabara ikafanikiwa kwa mara ya kwanza kuotesha virusi hivyo vikiwa hai kutoka kwa popo, na swali lililokuwa wazi tangu 1967 likapata jibu. Mwaka huo wafanyakazi wa maabara huko Ujerumani na Yugoslavia walikuwa wameugua ugonjwa usiojulikana baada ya kushika tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Miaka 40 baadaye mwenyeji wa virusi akaonekana, akining'inia kichwa chini kwenye dari la mgodi wa risasi na dhahabu.

Sasa mchimbaji amezika mwenzake, kisha anaambiwa kwamba kilichomuua kinalala juu ya kichwa chake. Afanye nini? Alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Aliwaua.

Miaka minne ikapita. Mwaka 2012 Marburg ikarudi kusini magharibi, ikagusa Ibanda, Kabale na kwingineko. Watu 15 walithibitishwa na maabara, wanne kati yao wakafa, na ukawa mlipuko mkubwa zaidi wa Marburg ambao Uganda ilikuwa imewahi kuuona. Novemba mwaka huo watafiti wakaingia tena Kitaka. Popo walikuwa wamerejea, ila wachache mno, kati ya asilimia 1 na 5 tu ya idadi ya zamani. Wakawapima 400. Wenye virusi walikuwa 53, yaani asilimia 13.3. Kabla ya mauaji ilikuwa asilimia 5.1. Kwa maneno mengine, kundi lilipungua mara ishirini na zaidi, na sehemu ya wagonjwa ndani yake ikapanda zaidi ya mara mbili. Tena virusi vya popo wale vilikaribiana mno na vile vilivyotoka kwa wagonjwa wa Ibanda.

Kufanana kwa virusi hakutoshi kusema kwamba mauaji ya 2008 ndiyo yaliyoleta mlipuko wa 2012, na watafiti wenyewe hawakuvuka mpaka huo. Lakini maelezo waliyoyatoa yanaingia akilini. Ukiwaua popo wa mgodi mzima, unawaua pia wale walioshaugua wakapona, ambao miili yao imejenga kinga. Mgodi unabaki kuwa nyumba nzuri isiyo na mpangaji. Vijana kutoka makundi mengine wanahamia, hawana kinga, wanazaana haraka, na virusi vinapata kuni mpya. Peru waliona jambo la jinsi hiyohiyo kwa kichaa cha mbwa: kampeni za kuua popo wanaonyonya damu hazikupunguza maambukizi kama ilivyotarajiwa. Mnyama tofauti, ugonjwa tofauti, somo lilelile.

Kwa sababu hiyo naamini kwamba migodi iliyoachwa ambayo popo wamefanya makazi inapaswa kutambuliwa kisheria kama makazi ya wanyamapori, ilindwe kwa jina na kwa mipaka. Najua ombi hili linavyosikika. Kumwambia mtu wa Ibanda, aliyemzika ndugu yake, kwamba popo walindwe ni kama kumwambia amfugie nyoka aliyemuuma. Ila nayasema haya kwa ajili yake kabla ya yote. Ukweli wa Kitaka ni kwamba watu walio salama zaidi ni wale ambao popo wao wametulia, na kati ya watu na popo hao kuna umbali.

Popo tunayemzungumzia ni yule wa matunda wa Misri, ambaye wanasayansi humwita Rousettus aegyptiacus. Jina la Misri lisikupoteze, maana yuko kwetu kwa wingi. Popo wengi wa matunda hulala mitini, kama wale wa Bat Valley pale Kampala waliolipa bonde hilo jina lake. Huyu hulala gizani kabisa, pangoni au mgodini, kwa sababu ana kipaji ambacho popo wa matunda kwa kawaida hawana: anapiga ulimi, tak, tak, na kusikiliza mwangwi ili ajue ukuta uko wapi. Mgodi unamfaa kuliko hata pango. Joto halipandi wala kushuka ovyo, unyevu upo, upepo ni mdogo, na binadamu akishaondoka hakuna anayemsumbua isipokuwa chatu na wawindaji wengine wa usiku. Pamoja naye hukaa popo wadogo wanaokula wadudu, ambao usiku hutoka kuwinda nondo na mbawakawa juu ya migomba na mihindi yetu. Kazi hiyo hakuna anayewalipa.

Popo wa matunda naye ana kazi yake. Anakula tini msituni, anaruka, mbegu zinaanguka mbali na mti mama, mara nyingi mahali palipo wazi ambapo ndege wengi na tumbili hawapendi kupita. Msitu uliokatwa unaanza kurudi kwa njia hiyo. Mvule wetu, mti ambao kila fundi wa samani Afrika Mashariki anaujua thamani yake, unategemea sana binamu yake, popo yule wa mitini, kusambaza mbegu zake. Tunapanda mivule kwa kampeni na hotuba, huku popo tukiwapiga mawe.

Wala huyu si mnyama anayeweza kufidia hasara haraka kama panya. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mara moja. Hapa Uganda wana misimu miwili ya kuzaa kwa mwaka, na misimu hiyo imebeba habari ambayo kila mchimbaji angepaswa kuijua kama anavyojua siku ya gulio.

Karibu kilomita 50 kutoka Kitaka, ndani ya msitu wa Maramagambo katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kuna Python Cave, pango lenye popo wa aina hiihii kwa makumi ya maelfu. Watafiti walilifuatilia kwa muda mrefu, na matokeo yao yalitoka 2012. Kwa wastani wa mwaka, asilimia 2.5 ya popo walikuwa na virusi. Lakini vijana wa umri wa miezi sita hivi, wale walioachishwa kunyonya na ambao kinga waliyoipata kwa mama imekwisha, walifika asilimia 12.4 wakati wa misimu ya kuzaa. Kisha watafiti wakachukua matukio 65 yanayojulikana ya Marburg kuruka kutoka kwa wanyama hadi kwa binadamu, wakayapanga kwa miezi. Matukio 54, yaani asilimia 83, yaliangukia vipindi viwili: katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, na katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi.

Hatari ina kalenda, na kalenda hiyo iko mezani tangu 2012. Tunajua ni miezi ipi mlango wa mgodi wenye popo unapaswa kufungwa hata kwa watafiti, na ni miezi ipi mtu aliyevaa vizuri anaweza kuingia kwa hatari iliyopungua. Kijiji ambacho kinajua tarehe ya kupanda maharage kinaweza kujua na hizi.

Python Cave penyewe palishalipa gharama ya kutolindwa. Mtalii wa Marekani aliingia humo mwisho wa 2007, akarudi kwao mgonjwa, akapona. Mtalii wa Uholanzi aliingia katikati ya 2008, naye akafariki. Pango likafungwa, kisha likajengwa jukwaa la kutazamia kwa mbali, mtu anawaona popo na chatu bila kuvuta hewa ya pango wala kukanyaga kinyesi. Kwangu mimi jukwaa lile ni jibu bora kuliko hotuba zote: popo wako kwao, mgeni yuko kwake, na fedha za kiingilio zinabaki Uganda. Kwa sheria yetu asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hurudi kwa jamii zinazopakana nazo. Hata hivyo jukwaa pekee halizuii miguu yenye hamu. Kamera zilizotegwa mdomoni mwa pango hilo katika miaka ya karibuni zimemnasa chui akija kula popo, zikawanasa ngedere na tai, na zikawanasa pia binadamu, wakisogea karibu kuliko wanavyoruhusiwa, wengi bila hata barakoa. Hapo ni ndani ya hifadhi ya taifa yenye askari. Fikiria mgodi ambao hauna hata mlinzi.

Na migodi ya namna hiyo tunayo. Uganda ya magharibi na kusini imetobolewa tangu zama za mkoloni: bati kule Kikagati, wolframu katika milima ya Kigezi, shaba ya Kilembe chini ya Rwenzori, ambayo mahandaki yake yalisimama kutoa shaba mwaka 1982. Kampuni huondoka, mitambo huuzwa chuma chakavu, shimo hubaki. Kwenye karatasi shimo hilo limekufa. Msituni na kijijini halijafa hata siku moja. Popo huingia kwa mlango mmoja, na kijana mwenye tochi, tindo na gunia huingia kwa mlango wa pili, kwa sababu bei ya dhahabu imepanda na shamba la baba limegawanywa mara tatu. Watu hawa wawili wanakutana gizani, kwenye handaki ambalo dari lake ni la kuinama. Mchimbaji akitikisa mwamba popo wanashtuka, wanaruka, wanakojoa, wanakwaruza. Namna hiyo ndiyo virusi vinavyovuka.

Majirani zetu wanaijua hadithi hii kuliko sisi. Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo, kati ya 1998 na 2000 Marburg iliwapata watu 154 na kuwaua 128, wengi wakiwa vijana waliochimba dhahabu katika mgodi wa Goroumbwa. Ugonjwa haukuingia mara moja tu. Uliingia tena na tena, kila mchimbaji aliyeambukizwa chini akipanda nao juu. Ulikoma pale mgodi ulipojaa maji mwaka 2000 na watu wakashindwa kuingia. Mafuriko yalifanya kazi ambayo serikali haikuweza kuifanya: yalitenganisha watu na popo. Rwanda nako, Septemba 2024, mlipuko uliowapata watu 66 na kuua 15 ulifuatiliwa hadi kwa mchimbaji aliyekuwa akifanya kazi kwenye pango la mgodi lenye popo wa matunda. Wengi wa walioambukizwa baadaye walikuwa wahudumu wa afya. Mhudumu wa wodi aliyemfuta jasho mgonjwa Kigali hakuwahi kumwona popo, na hakuhitaji kumwona.

Tatizo letu ni kwamba shimo lililoachwa halina mwenyewe serikalini. Sheria ya Madini ya 2022 inatazama leseni na ufungaji wa migodi. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inatazama wanyama na hifadhi zao. Sheria ya Mazingira, nayo ya 2019, inatazama athari za miradi. Wizara ya Afya inakuja mtu akishaanza kutapika damu. Mgodi wa popo unaangukia katikati ya meza hizi nne, na kila afisa anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba faili liko kwa mwenzake. Popo katika ngano zetu ndiye aliyekataliwa na ndege kwa sababu ana meno, akakataliwa na wanyama kwa sababu ana mbawa. Ofisini mambo yamemkuta yaleyale.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu. Kila handaki la zamani linalopendekezwa kufunguliwa upya, kufukiwa au kupewa mwekezaji lipate kwanza mtu wa kukaa nje ya mdomo wake jioni kadhaa, kwa usalama, na kuandika kinachotoka. Siku hizi kuna kamera za joto na vinasa sauti vya popo, kwa hiyo si lazima mtu aingie ndani. Kilembe, ambako mazungumzo ya kufufua shaba hayajawahi kunyamaza, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikionekana handaki halina popo, lifukiwe au lichimbwe, nami sitakuwa na neno. Wakionekana wapo, mambo yabadilike. Kufukia mgodi wenye popo ndani ni Kitaka nyingine: watakaoweza kutoka watatawanyika na kwenda kutafuta shimo jingine, huenda lile lililo nyuma ya shule.

Uzio nao unahitaji akili. Marekani na Ulaya migodi mingi ya zamani imefungwa kwa milango ya nondo za chuma zilizolazwa, zenye nafasi inayompitisha popo na kumzuia mtu. Ni kazi nzuri, ila ilibuniwa hasa kwa ajili ya popo wadogo wanaokula wadudu. Popo wetu wa matunda ana mbawa zinazofika sentimita 60 zikitandazwa, na anatoka pamoja na wenzake kwa maelfu ndani ya saa moja. Ukimwekea nondo mdomoni mwa handaki umemwekea mtego, maana watagongana, wataanguka, na chatu watakaa chini kusubiri. Kwa mgodi wenye kundi kubwa la namna hii kinachofaa ni uzio mrefu uliosimama mbali na mdomo, juu ukiwa wazi, ili mtu azuiwe ardhini na popo apite hewani. Tusinunue michoro ya wengine bila kuwauliza wataalamu wetu wa popo, nao tunao, Makerere na katika Mamlaka ya Wanyamapori.

Halafu kuna dhahabu, na hapa sipendi kumdanganya msomaji. Uzio unaomnyima kijana riziki hautadumu mwezi. Atang'oa nguzo zake azitumie kama matimba ya kushikilia dari. Anayetaka mgodi ulindwe lazima awe tayari kusema wachimbaji waende wapi. Sheria ya 2022 imewatambua wachimbaji wadogo na kufungua mlango wa kuwapa leseni. Basi wanaotolewa kwenye handaki lenye popo wawe wa kwanza kupewa eneo jingine lililopimwa, lenye leseni ya majina yao wenyewe, karibu na nyumbani. Walinzi wa mgodi nao watoke miongoni mwao. Hakuna anayejua njia za kuingilia kama aliyekuwa akiziingia, na mshahara mdogo wa kila mwezi unaojulikana tarehe yake una nguvu kuliko tishio la askari anayepita mara mbili kwa mwaka. Wachimbaji wa Mubende waliofukuzwa na jeshi mwaka 2017 bado wanakumbukwa, na hakuna kijiji kitakachoamini neno "hifadhi" kama likija na lori la wanajeshi.

Gharama ya haya yote? Tafuta bei ya mlipuko mmoja: hema za kutenga wagonjwa, mavazi ya kujikinga, wafuatiliaji wa waliokutana na mgonjwa, watalii walioahirisha safari, nesi aliyekufa. Uzio, walinzi wanne na kipimo cha popo kila mwaka ni fedha kidogo kando ya hayo.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji bajeti wala bunge, nalo linaweza kufanywa wiki ijayo. Kwenye machimbo ya magharibi utamkuta Mnyankole, Mkiga na Mkonjo, utamkuta pia Mkongomani, Mnyarwanda na Mtanzania wa Kagera. Lugha wanayogombania bei, wanayotaniana na wanayoitana kwayo kamba inapokatika ni Kiswahili. Mabango mengi ya hatari tunayoyatundika ni ya Kiingereza. Bango la mgodi wa popo liandikwe Kiswahili na lugha ya wenyeji wa hapo, kwa herufi kubwa, na liseme mambo manne tu: humu kuna popo wenye Marburg, usiingie, usiwaue wala kuwafukuza, hatari huzidi kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, na kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi. Chini yake pawe na namba ya simu ya mtu anayepokea, hata saa nane za usiku.